Balozi wa Milango Iliyofungwa

Msiniulize Balozi alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sijui, na sikuwahi kuona kama nina haja ya kujua. Mi namfahamu tangu akiwa mzee tayari, kwanza kambini Kigoma, halafu Louisville, halafu Columbus, na mwisho Buffalo, ambako walimmaliza. Nasema walimmaliza. Kama kuna mtu linamkera, naye aandike ya kwake.

Kambini alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kila asubuhi anapita. Mlango wa kwanza, hodi, mmeamkaje, nani anaumwa, nani hakurudi jana. Haingii ndani, hakai, chai hanywi. Anasikia sauti ya mtu, anakwenda mlango wa pili. Alichokuwa anatafuta ni ile sauti tu. Alipoletwa Marekani hakuna aliyempa cheo na hakuna aliyempigia kura, akaendelea vilevile, tofauti tu ni kwamba milango ya kule ilikuwa ya matete na ya huku ni ya chuma. Katika nchi hii nzima, na vitu vyake vyote, mzee yule alitaka kitu kimoja: aachwe apite milangoni asubuhi asikie watu wameamka. Na ndicho hichohicho alichokatazwa na kila mtu, meneja wa nyumba, polisi, mchungaji, mpaka mtoto wake wa kumzaa, Eliasi.

Sasa, kabla hujamwona mtu wa huzuni, mwone kwanza alivyokuwa anatuchekesha.

Alikuwa anavaa koti la kike. Rangi ya zambarau, refu mpaka magotini, lina manyoya shingoni. Alilipata kwenye rundo la nguo za msaada Louisville, siku za mwanzo kabisa. Vijana tukamwambia, mzee, hilo la mama zetu. Akatujibu, "Baridi imewaambia inachagua?" Akalivaa mpaka mwisho. Miguuni sasa, mtu huyo aliyekuwa anahubiri viatu vya theluji kila siku, yeye mwenyewe anatoka na kandambili na soksi mbili. Ukimwuliza anasema miguu yake imeshatembea kutoka Burundi, haina cha kuogopa.

Tulipohamia Columbus, familia mpya ikifika pale uwanja wa ndege upande wa Gahanna, lazima umkute na koti lake amesimama. Watu wa shirika la wakimbizi wana makaratasi yao, yeye ana maneno yake. Anawapanga wageni kwenye gari, wametoka kwenye joto juzi, meno yanagongana, halafu anaanza:

"Sikilizeni. Ukiona moshi unatoka mdomoni, hujaungua. Ukiona jua dirishani, usilikimbilie na shati, jua la huku ni la kuangalia. Ukiona mzungu amevaa kaptula kwenye theluji, usimwige, mwili wake anaujua mwenyewe. Ukiona mbwa amevalishwa viatu, usicheke mwenye mbwa akiwepo. Na mtu akikuuliza habari yako, utaona anauliza huku anaondoka. Na wewe mjibu huku unaondoka. Ndiyo adabu yao."

Kuna Mama mmoja Mkongo, tunamwita Mama Furaha, alifika mwezi wa kumi, siku za ile sikukuu yao ya mizimu. Gari inapita mitaa ya Westerville, mama wa watu akaona nyumba nzuri kabisa, mbele imepangwa makaburi, mifupa ya binadamu inaning'inia kwenye mti, na mkono umetoka chini ya ardhi. Akashika mlango wa gari.

"Muzee, miye sishuki hapa. Batu ya hapa banakulaka batu."

"Ni plastiki, mama. Wanacheza."

"Banacheza na kifo?"

"Wanacheza nacho kwa sababu chenyewe hawakioni," Balozi akasema. "Mtu wao akifa anafichwa hapohapo. Anapakwa rangi, watu wanamwangalia kidogo, wanakula mkate wenye nyama katikati, wanarudi kazini. Huku matanga ni ya mchana mmoja."

"Bon," Mama Furaha akasema, "donc miye nikikufa munirudishe."

Watu wakacheka mpaka gari ikawa na joto.

Lakini chumvi haikumchekesha. Theluji ya kwanza ya Columbus, lori likapita linamwaga vitu vyeupe barabarani. Balozi akainama, akaokota, akaonja. Akatema. "Ni chumvi," akasema. Kambini tulikuwa tunaazima chumvi kwa majirani, unakunja kiganja unaletewa ya kuungia mboga ya siku moja, na kesho unarudisha. Hapa inamwagiwa barabara, na lori. Siku ile hakuzungumza na mtu tena mpaka jioni. Mkewe alikuwa bado hai, akaniambia, muache tu, amekutana na kitu.

Na asidhani mtu alikuja anajua yote. Mwezi wa kumi na moja wa kwanza, Louisville, aliona miti yote imekauka mtaa mzima. Akahuzunika. Akasema hii nchi imepigwa na ukame na watu hawajaambiwa. Kesho yake tukamkuta kwa jirani anavunja matawi, anafunga kuni mzigo mzuri kabisa, maana mti uliokufa ni wa wote. Mzungu akatoka na kikombe cha kahawa, akabaki kaduwaa. Mi ndiye nilikuwa na Kiingereza kidogo, nilichokiokota kwenye vitabu vilivyotupwa nje ya maktaba, basi nikamtafsiria mzee kwamba mti huu uko hai, umelala. Balozi akautazama mti, akaushika kama anaupima homa. Akasema, "Mwambie naomba radhi. Kwetu kitu kilicholala kinapumua."

Hilo neno la kupumua baadaye lilimla. Ngoja nifike.

Kati ya masomo yake kuna moja aliloliweka juu ya yote: usigonge mlango wa mtu bila kupiga simu. Ndiyo, yeye. Miaka ya mwanzo Columbus ndiye aliyekuwa anatukaripia sisi. Umetokea tu kwa mtu Jumapili, umegonga, unasubiri chakula? Huku hapana. Huku mtu anafunga pazia, maana yake anataka aachwe. Piga simu, asipopokea, rudi kwako. Kwetu nyumba iliyofungwa mchana ni nyumba yenye mgonjwa au msiba, huku ndiyo nyumba yenye heshima. Alikuwa amejifunza hivyo na aliona fahari kuwa amejifunza. Milango ya wenzetu alikuwa anaipitia kwa simu. Anakaa kitandani asubuhi na kile kisimu chenye kioo kilichopasuka, anapiga mmoja mmoja, "mmeamkaje," anakata.

Kulikuwa na bwana na bibi wapya, Safari na Neema, wametoka kambi ileile, ndoa yao haina mwaka. Apatimenti yao ilikuwa nyuma ya ya kwetu. Ijumaa ya baridi kali hita yao ikafa. Safari akapiga simu ofisini, akaambiwa fundi atakuja Jumatatu. Jumatatu. Watu wanaganda, wao wana Jumatatu.

Safari akafanya ambacho kila mtu wa kwetu angefanya. Alikuwa na jiko la kuchomea nyama nje, walilinunua kiangazi. Akawasha makaa, yakashika vizuri, hayana moshi, akaliingiza chumbani. Mkongo yeyote, Mrundi yeyote, amelala na mbabula, jiko la makaa, ndani akiwa mtoto. Lakini nyumba zetu kule zinapumua. Kati ya ukuta na paa kuna nafasi ya mkono, mlango una tundu, matete yana upenyo. Huku dirisha limezibwa na plastiki, tena tuliziba wenyewe kwa sababu ndivyo walivyotufundisha kuzuia baridi. Nyumba ya huku ukiifunga imefunga kama kopo.

Jumamosi asubuhi Balozi alipiga simu. Ikaita. Akapiga tena. Ikaita. Akavaa koti, akaenda mpaka mlangoni kwao, akasimama. Pazia limefungwa. Mimi nilimwona kwa dirisha langu akiwa amenyanyua mkono, halafu akaushusha, akauweka mfukoni. Akarudi kwake kama alivyojifunza.

Walivunja mlango saa tisa, ndugu yake Safari alipotoka shifti. Wote wawili hewa ya makaa ilikuwa imewaua, na daktari alisema Neema hakuwa amekaa muda mrefu tangu akate pumzi.

Maana ya hayo maneno kila mtu aliielewa, na aliyemwelewesha Balozi sijui ni nani, ningemjua ningemfuata. Tulikaa matanga kwenye sebule ya Eliasi, watu wamejaa mpaka ngazini, na meneja akaja kutuambia magari yetu yamezidi. Balozi alikaa kwenye kona bila koti. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Balozi akamwambia mbele ya watu wote, "Mungu alinipa mkono nikautia mfukoni. Usimsingizie." Tangu hapo hao wawili hawakusalimiana.

Baada ya hapo akaacha simu. Akarudi kwenye mlango.

Kazi yake alikuwa na namna ya kuifanya, si kugonga ovyo. Kambini alikuwa anatazama moshi wa jikoni, nyumba isiyofuka ndiyo anayoanzia. Huku hakuna moshi, lakini theluji ikianguka usiku, asubuhi mlango wa mtu aliyeamka una nyayo mbele yake. Mtu ametoka kazini au ameenda kazini, mtoto ameenda basi la shule, mwingine ametupa takataka. Mlango ambao mpaka saa nne theluji yake iko laini kama unga, huo ndio wa kwanza. Anagonga kwa vifundo vya vidole, mara tatu, pole, anasimama pembeni. Usipojibu anaongeza. Usipojibu tena anapiga na kiganja. Ukimtukana anafurahi. "Asante," anasema, "nimesikia," anaondoka.

Mama Furaha alikuwa anafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, amelala saa moja tu, anagongewa. "Muzee, miye niko muzima," anapiga kelele toka kitandani, "na nikikufa nitakutumia message." Halafu nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanawe usimkataze muzee, wee, siku akikosa kugonga ndiyo uniamushe.

Wa kwetu walimvumilia. Shida ni kwamba hakuchagua. Alisema balozi hana nyumba zake na nyumba za wengine, ni milango kumi iliyofuatana, basi. Na kwenye ile milango, ule wa tatu hivi kutoka kwake, alikaa dada mmoja wa Kizungu peke yake. Asubuhi moja hakuna nyayo. Balozi akagonga. Akagonga na kiganja.

Polisi walikuja wawili. Mimi nimetoka kutupa takataka, namwona mzee amesimama ukutani na koti lake la zambarau, mikono juu, na mmoja wao ameshika kiuno chake pale bunduki ilipo. Damu ikanipanda. Nikakimbia na kandambili naporomosha matusi ya Kirundi na Kiingereza, kwamba hamjui huyu ni nani, kwamba mlikuwa wapi Safari alipokuwa anakufa. Yule polisi akanigeukia mimi. Balozi, bila kushusha mikono, akaniambia taratibu kabisa:

"Nyamaza, we mtoto. Utaniua."

Nikanyamaza. Ni mtu pekee aliyewahi kuninyamazisha. Walipoondoka aliniambia, hasira yako ni nzuri, inapasha joto, ila usiilete mbele ya bunduki. Nikamwuliza, sasa kwa nini hukuacha mlango wa yule? Akasema, "Alifungua kabla hujatoka. Alikuwa analia, lakini yuko mzima."

Ofisi ikamwambia Eliasi wazi: polisi wakija tena kwa ajili ya baba yako, mtahama. Eliasi ana watoto wanne. Nilimchukia sana siku zile, lakini haki yake nitampa, alikuwa analala kidogo kuliko sisi wote. Alimwomba babake kwa upole, akamwomba kwa ukali. Balozi akawa anasema ndiyo, mwanangu, na asubuhi hayupo.

Alikuwa na mambo yake mengine, siyo malaika. Mkali kwa Eliasi kuliko kwa mtoto wa mtu yeyote. Mkewe alipofariki, kwa kisukari, hakuacha mtu alie kwa sauti, alisema huyu tulimsikia mpaka pumzi ya mwisho, huyu ana bahati. Neno gani la kumwambia mtoto aliyefiwa na mama? Wajukuu aliwapenda, lakini walikuwa wanamjibu kwa Kiingereza, naye anatingisha kichwa kama ameelewa, halafu ananiuliza mimi pembeni, wamesema nini. Na akiwa na chai usimwachie sukari ukaondoka, ataimaliza.

Mwishowe Eliasi akawahamisha Buffalo, upande wa East Side, kuna ndugu wa mkewe na nyumba za kujitegemea, hakuna meneja. Alidhani huko mzee atatulia. Alimpeleka mtu wa milango kwenye mtaa ambao nusu ya nyumba hazina watu, madirisha yamepigiliwa mbao. Na baridi ya Buffalo si ya Columbus. Pale ziwa linaganda watu wanakwenda kukaa juu yake na viti, wanavua samaki kwenye tundu. Balozi alinipigia kuniambia hilo tu. "Wanatembea juu ya maji," akasema, "na hakuna anayeshangaa."

Msimu huo theluji ilimwagika Buffalo siku na usiku, magari yakazama. Eliasi alikwama kazini kwenye ghala. Mzee akatoka. Mkamwana anasema alimwambia anaangalia tu jirani. Walimkuta jioni mtaa wa pili, anagonga, na mlango aliokuwa anagonga ulikuwa wa gereji. Glavu alikuwa hana, alikuwa anasema glavu inaua sauti. Hospitali walikata vidole vya mkono wa kulia, vyote isipokuwa gumba.

Eliasi akasema neno la mwisho: akitoka tena kwenda kwenye milango ya watu, atampeleka nyumba ya wazee. Mimi nimefanya kazi kwenye hizo nyumba, nimewalisha na kuwabadilisha. Katika vitu vyote vya ajabu ambavyo Balozi alikuwa anawaonyesha wageni, hicho hakuwahi kukitaja. Nilimpeleka mara moja Columbus aone kazi yangu. Alipita korido nzima, milango iko wazi yote, watu wamekaa ndani wanatazama ukuta, akasalimia kila mlango na hakuna aliyeitikia. Nje akaniambia, "Pale nitafanya nini? Hakuna wa kugonga."

Na alipelekwa. Mwezi wa tatu. Akafia humo kabla theluji haijayeyuka yote, na simu ilipigwa kwa Eliasi asubuhi, maana usiku hakuna aliyepita. Eliasi mpaka leo anasema mimi ndiye niliyempeleka kule, kwa sababu ya Jumapili moja. Nitawaambia hiyo Jumapili, na msamaha siombi.

Nilipanda basi kutoka Columbus kwenda kumwona. Nimemkuta sebuleni, mkono umefungwa kitambaa, televisheni inawaka bila sauti. Amekonda, koti limemeza mtu. Hakuniuliza habari yangu. Akaniuliza Mama Furaha, nikasema mzima. Akaniuliza ndugu yake Safari, nikasema nadhani mzima. Akauliza wa mlango wa kona, wale Wanyarwanda. Nikasema sijui, mzee, mi nilihama pale. Akauliza nani anapita sasa. Hakungoja nijibu, akageuza uso dirishani.

Jikoni nikamvaa Eliasi. Nikamwambia umemfunga babako kama mbuzi. Eliasi hakupandisha sauti.

"Dada, we unakuja, unapiga kelele, unapanda basi. Mimi ndiye namwosha. Unajua jinsi ya kumfunga mtu suruali ambaye anatafuta vidole vyake? Akitoka mara moja tena, simwezi. Sisemi kwa kumtisha, simwezi."

 Eliasi akaenda kanisani na watoto. Balozi akasubiri gari liondoke, akasimama, akaniletea viatu vyangu.

"Mkono wako mzima," akasema.

"Mzee, umesikia alichosema mwanao?"

"Nimesikia. Amesema kweli. Twende."

Ningeweza kufunga mlango. Nilimfunga vifungo vya koti, nikamfunika kichwa na shali yangu, tukatoka. Baridi ilikuwa ile inayokata pua. Yeye anasimama nyuma kando ya njia, mkono mzima juu aonekane, kama nilivyomwambia, mimi napanda ngazi nagonga. Nyumba ya kwanza akafungua mzee mmoja Mweusi wa hapahapa, mkubwa, na fulana, mbwa nyuma yake.

"Mmekosea nyumba," akasema.

Nikamtafsiria Balozi. "Mwambie hatujakosea. Mwulize ameamkaje."

Nikamwuliza. Yule bwana akanitazama mimi, akamtazama yule kikongwe na koti la zambarau kwenye theluji, akangoja kuona tunauza nini. Hatukuwa tunauza kitu.

"Nimeamka," akasema mwishoni, akafunga, nikasikia mnyororo.

"Yupo," Balozi akasema. "Twende."

Nyumba iliyofuata madirisha yote yalikuwa mbao, na mlango pia umepigiliwa ubao. Nikapita. Nikasikia hatua zake zimesimama.

"Mzee, hapa hakuna mtu."

"Umejuaje?"

"Si unaona?"

"Mimi nimeshaona mara moja nikarudi," akasema. "Gonga."

Nikapanda, theluji mpaka magotini, hakuna aliyekanyaga pale tangu masika ya mwaka gani sijui. Nikagonga kwa vifundo, mara tatu, pole. Akaniambia ongeza. Nikaongeza. Akaniambia kiganja. Nikapiga na kiganja mpaka ubao ukalia mtaa mzima, halafu tukasimama, mimi juu yeye chini, tunasikiliza. Kule mwisho wa mtaa niliona gari la Eliasi linarudi, watoto wamesahau Biblia au nini. Balozi naye aliliona. Hakusogea. Alingoja muda ule anaompa kila mtu, akainamisha sikio, akangoja na zaidi kidogo.

"Basi," akasema. "Hapa kweli hawapo. Mlango wa tatu."